Mnyama aliyesemekana kutoweka anapoonekana tena, tukubali ushahidi wa aina gani?

Mfuatanyayo (mwuliza swali)

Salaam wanajukwaa. Ninaomba mawazo yenu kuhusu jambo lililonisumbua kwa muda mrefu. Mara kwa mara hutokea mtu akasema amemwona mnyama ambaye wataalamu walishatangaza kwamba ametoweka duniani, au mnyama ambaye sayansi haijapata kumtambua kabisa, na mara nyingi mtu huyo huchekwa kabla hajamaliza maelezo yake. Lakini historia inaonyesha kwamba kicheko hicho kimewahi kukosea vibaya. Silikanti, samaki aliyejulikana kwa visukuku tu na kudhaniwa kuwa alitoweka miaka ipatayo milioni 66 iliyopita, alivuliwa karibu na East London, Afrika Kusini, mnamo Desemba 1938. Wa pili alipopatikana katika kisiwa cha Anjouan mwaka 1952, ilibainika kwamba wavuvi wa Komoro walikuwa wakimfahamu siku zote na walikuwa na jina lao la kumwita, gombessa. Tangu mwaka 2003 amekuwa akinaswa hata katika nyavu za jarife kwenye pwani ya Tanzania.

Kwa upande wa pili, habari za joka la ziwa la Loch Ness huko Scotland zimeenea tangu mwaka 1933 na hadi leo hakuna aliyeleta hata mfupa mmoja. Je, tunatumia kipimo gani kumtenga silikanti na joka? Na ni lini inakuwa halali kusema kwamba mnyama fulani hayupo tena?

Fuvu na Ngozi

Ndugu Mfuatanyayo, kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa. Yuko mnyama ambaye tuna hakika aliwahi kuwapo, kwa kuwa ngozi na mifupa yake imehifadhiwa katika makumbusho, na swali lililobaki ni kama bado wamesalia wengine. Yuko pia mnyama ambaye hatuna chochote chake isipokuwa masimulizi. Madai ya kumwona wa kwanza yanahitaji ushahidi mzuri, lakini madai ya kumwona wa pili yanahitaji ushahidi mzito zaidi.

Kipimo ninachokiamini mimi ni hiki: mnyama halisi akitafutwa kwa bidii, ushahidi wake huongezeka na kuwa wazi zaidi, ilhali wa kubuniwa hubaki palepale hata akitafutwa kwa miaka mia.

Mfano ulio bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni okapi. Wambuti wa msitu wa Ituri huko Kongo walimjua vizuri na walimweleza Harry Johnston, mtawala Mwingereza aliyekuwa Uganda, habari za mnyama afananaye na punda mwenye miguu ya mistari. Johnston alipata vipande vya ngozi ambavyo watu walikuwa wamevitumia kutengenezea mikanda, na wanasayansi wa London waliovipokea wakaamua kwamba ni aina mpya ya punda milia. Kilichofuata ndicho kinachonigusa zaidi. Waongozaji walipomwonyesha Johnston nyayo zenye kwato zilizogawanyika mara mbili, yeye, akiwa tayari ameshajipangia kwamba anamtafuta mnyama wa jamii ya farasi, ambao kwato zao hazigawanyiki, hakuwaamini na akadhani anafuatishwa nyayo za pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala. Mwaka 1901 fuvu na ngozi kamili vilipatikana, na ikadhihirika kwamba okapi ni ndugu wa twiga, na kwato zake ni mbili kama nyayo zile zilivyoonyesha. Wenyeji walikuwa sahihi katika kila kipengele, na vipande vya mikanda, nyayo, fuvu na ngozi vilikuja kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikieleza zaidi ya kile kilichotangulia.

Vivyo hivyo nchini Vietnam. Yuko mnyama mdogo wa kwato mwenye mgongo wa rangi ya fedha, ukubwa wake kama wa sungura, ambaye hakuwa amethibitishwa tena tangu mwaka 1990. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanavijiji na walinzi wa misitu, kisha wakategesha kamera tatu tu zinazojipiga zenyewe mnyama apitapo mbele yake. Katika muda wa miezi mitano walipata picha 275, na matokeo yakatangazwa mwaka 2019. Hiyo ndiyo tofauti. Penye mnyama, kamera tatu zinatosha.

Jicho la Tai

Ninakubaliana na Fuvu na Ngozi, ila ningependa kuongeza kwamba shahidi anaweza kuwa mkweli na mjuzi, na bado akawa hakumwona yule anayedhani alimwona.

Mnyama aliyeitwa mbwamwitu wa Tasmania (kisiwa cha Australia), mwenye mfuko wa kubebea watoto na mistari mgongoni, wa mwisho ajulikanaye alikufa katika bustani ya wanyama ya Hobart tarehe 7 Septemba 1936. Mwaka 1982, mtumishi wa idara ya wanyamapori aliyekuwa amelala ndani ya gari aliamka usiku, mvua ikinyesha, akawasha taa yake na kumwona mnyama ambaye aliihesabu mistari yake: kumi na miwili. Hakuna aliyemwona kuwa mzushi, na eneo lile lilipekuliwa kwa zaidi ya mwaka mzima bila kupatikana unyoya, kinyesi wala unyayo. Tena barabara za Tasmania zinajulikana kwa wingi wa wanyama wanaogongwa na magari usiku, na katika miaka yote hiyo hakuna mzoga wa mbwamwitu huyo uliookotwa humo. Kwangu mimi ukimya huo wa barabara una uzito kuliko mamia ya watu wanaosema wamemwona.

Kuna pia kigogota mkubwa mwenye mdomo mweupe wa Marekani, ambaye kuonekana kwake kwa mwisho kusikopingwa na wengi ni kwa mwaka 1944. Mwaka 2005 jarida la Science lilichapisha habari kwamba ameonekana huko Arkansas, pamoja na video fupi iliyofifia. Ubishi ukahamia kwenye ubawa: yeye ana weupe kwenye ukingo wa nyuma, na jamaa yake aliye wa kawaida ana weusi mahali hapo. Katika video isiyo wazi, ndege akipiga mbawa kwa kasi, watu wanaoheshimiana walitazama picha zilezile wakaona ndege wawili tofauti. Hakupatikana picha iliyo bora zaidi ya kumaliza ubishi ule, na kwa kipimo cha mwenzangu hilo si dalili njema, ingawa mimi mwenyewe ningefurahi mno kama angekuwapo.

Mchunguzi wa Maji

Kuhusu joka la Loch Ness, suala hilo limepata jibu ambalo halitegemei macho ya mtu. Kila kiumbe huacha vinasaba vyake (DNA) katika mazingira kupitia magamba, ute na kinyesi. Mwaka 2018 timu iliyoongozwa na Neil Gemmell wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, ilichota maji kutoka sehemu mbalimbali za ziwa hilo na kwa vina tofauti. Matokeo yaliyotolewa mwaka uliofuata hayakuonyesha vinasaba vya mtambaazi yeyote, bali vinasaba vya mkunga vilikuwa kwa wingi karibu kila mahali.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyomrudisha fuko-dhahabu wa De Winton, mnyama kipofu anayeishi ndani ya mchanga wa pwani ya Afrika Kusini na ambaye hakuwa ameonekana kwa zaidi ya miaka 80. Mbwa aliyefunzwa alinusa njia zake, watafiti wakachukua mchanga, na vinasaba vikathibitisha mwaka 2023 kwamba bado yupo. Ninaona ni haki kubwa kwamba kifaa kilekile kimemkana mmoja na kumthibitisha mwingine.

Fuvu na Ngozi

Nimekumbuka kwamba sikujibu swali la pili. Zamani ilitosha kusema kwamba mnyama ametoweka ikiwa hakuonekana kwa miaka 50. Sasa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, inataka pasiwe na shaka ya msingi kwamba wa mwisho amekufa, baada ya kutafutwa kikamilifu mahali na majira yanayofaa. Sababu ni nzito: mnyama akitangazwa mapema mno, msitu wake hupoteza mtetezi. Kisiwani Cebu, Ufilipino, kuna ndege mdogo aliyedhaniwa kutoweka kwa kuwa misitu ilikuwa imekatwa karibu yote, na alipoonekana tena mwaka 1992 kilichobaki kilikuwa vipande vidogo vya msitu.

Chui wa Unguja bado yuko katikati ya mabishano hayo. Ngozi zake zipo, na alielezwa kisayansi mwaka 1932. Baadhi ya watu walidai kwamba wanafuga chui na wakawaahidi watafiti kuwaonyesha kwa malipo, lakini hakuna aliyeonyeshwa. Mwaka 2018 kamera ya watengenezaji wa kipindi cha televisheni ilinasa mnyama anayefanana na chui, na picha ile peke yake haikutosha kuthibitisha kwamba ni yeye. Ningependa sana kusikia kwamba kinyesi au maji ya msitu wa Jozani huko Unguja yamepimwa vinasaba kwa ajili yake.

Mfuatanyayo

Nawashukuru nyote. Basi mtu akimwona mnyama wa namna hiyo kesho, afanye nini ili asiishie kudharauliwa?

Jicho la Tai

Aandike papo hapo, kabla hajasimulia kwa yeyote wala kutazama picha yoyote: saa, umbali, mwanga, na muda aliomwona. Ukubwa aulinganishe na kitu kinachoweza kupimwa baadaye, kama kisiki au jiwe alilopita kando yake. Unyayo aupige picha kutoka juu kabisa, akiweka rula au kalamu pembeni yake, na apige pia nyayo zinazofuatana, kwa sababu unyayo mmoja kwenye tope hupanuka na kudanganya. Kinyesi na manyoya avitie kwenye bahasha ya karatasi, kwa kuwa plastiki huhifadhi unyevu na unyevu huharibu vinasaba, na asivishike kwa mikono mitupu.

Kisha apeleke taarifa kwenye makumbusho au mamlaka ya wanyamapori, na mahali penyewe asipatangaze mtandaoni. Kama mnyama yupo kweli, wawindaji na wakusanyaji watafika kabla ya walinzi.