Mrejesho: ile gari iliyokuwa ikizima ikipata moto

Jamani nimerudi. Niliuliza kuhusu gari yangu kubwa ya petroli ya 1994, ilikuwa inamisi, inazima ikipata moto, na wakati mwengine ukifungua swichi taa ya injini haiwaki kabisa. Wengi mlisema plagi na pampu, lakini alosema tufungue kompyuta ya injini tuangalie kapasita (vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme kwenye bodi) ndo alopatia. Fundi wa waya huku Changamwe alitoa betri kwanza, akaifungua ile kompyuta, wallahi kapasita zimevuja na maji yake yamekula njia za shaba kwenye bodi mpaka zimekuwa kijani, zengine zimekatika kabisa, kwa hivyo kubadilisha kapasita peke yake hakungetosha. Ikabidi tutafute kompyuta nyengine yuzdi na hapo ndo pana kazi, maana namba ya kwenye kibandiko lazima ifanane, ya gia za mkono usiitie kwenye otomatiki hata soketi zikiingia. Yangu haina imobilaiza (ule mfumo wa kuzuia wizi, injini haiwaki bila funguo yake), alo na gari yenye hiyo ajiandae kuoanisha kompyuta na funguo. Sasa inashika mara moja, nimepanda nayo Mazeras kwenye foleni ya malori na haijazima. Shukran sana ndugu zangu.