Tupeane uzoefu: fundi wa mashine ya kufulia hapa Dar ulimpataje?

Mwenye uzi, Tabata

Wakuu salama? Naomba tusaidiane hapa. Fundi friji wapo kila kona, fundi AC wapo, wa TV ndio usiseme, ila fundi anayeijua kweli mashine ya kufulia unamtafuta kwa tochi, wengi wanaokuja ni mafundi umeme wa nyumba wanaobahatisha. Yangu ni ya mlango wa mbele, kilo 7, maji inaingiza, inafua, inatoa maji, ila ikifika kwenye kukamua inazunguka taratibu halafu inasimama, nguo zinatoka zinachuruzika. Fundi aliyekuja alikuwa na bisibisi na testa tu, hata mfuniko wa nyuma hajafungua kasema bodi (ile sakiti inayoendesha mashine) imekufa, laki mbili na nusu, na mashine anaondoka nayo. Nimemkatalia. Sasa siombi namba za simu peke yake (hizo nitumieni pembeni), naomba mtu asimulie ilivyokuwa, tatizo lilikuwa nini, fundi ulimtoa wapi, alifanyaje kazi. Wenye watoto wachanga mnajua hiki kitu sio anasa.

Mdau wa Sinza

Pole sana mkuu. Kwa dalili hizo usikimbilie bodi kabisa. Yangu ilifanya hivyo hivyo na ilikuwa kaboni za mota, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenda sehemu ya mota inayozunguka. Fundi alikuja na mita, akachomoa umeme kwanza, akafungua nyuma, akatoa mkanda, akalizungusha pipa kwa mkono huku katega sikio kama beringi zinalia, zikawa kimya, ndio akaishusha mota akanionyesha kaboni mbili zimelika zimebaki vijisehemu. Akanieleza kwamba zikifika hapo mota inakuwa bado inageuza pipa polepole wakati wa kufua lakini ikitakiwa kukimbia na nguo zimebeba maji haina nguvu. Akanipa zile za zamani mkononi nikanunue mwenyewe Kariakoo kwa kufananisha, na bei yake ukiilinganisha na hiyo laki mbili na nusu utalia. Ila angalia kitu kimoja, kama yako imeandikwa inverter au direct drive basi kaboni haina, mtu asikuuzie.

Na nilivyompata: nilimuuliza dobi wa mtaani kwetu, yule mwenye duka la kufua na mashine zake. Yule mashine ikilala siku moja kakosa hela ya siku hiyo, kwa hiyo fundi kanjanja hawezi kudumu naye. Tangu hapo kila anayeniuliza namwambia anza kwa dobi, usianze na tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme.

Mdau wa Ukonga

Naunga mkono la dobi. Mimi wa kwangu nilielekezwa na mama wa saluni mwenye mashine ya kufulia mataulo. Mtu anayetumia mashine kwa biashara ndio anajua fundi nani.

Mama wa Kimara

Jamani mimi nataka niseme la maji, kwa sababu hapa Dar nadhani ndio linawaliza wengi bila kujua. Mashine yetu ilikuwa inawaka vizuri, unachagua programu, inanguruma kidogo, halafu inagoma na kuleta herufi kwenye kioo. Waliopita wengi walisema bodi, mwingine akasema valvu ya kuingizia maji, na valvu akabadilisha na tatizo likabaki palepale. Aliyetusaidia ni kijana aliyesomea chuo cha ufundi VETA pale Chang'ombe, tulielekezwa na jirani. Huyu mashine hakuigusa! Alifungua bomba ile mashine inapochukulia maji akaweka ndoo chini akawa anaangalia saa, maji yanakuja kama ya kunawa. Akauliza simtanki liko wapi, akatoka nje kuliangalia, limewekwa kwenye kimnara kifupi tu. Akanifafanulia kwa utulivu kabisa, kwamba maji yakishuka kutoka mita 10 ndio unapata presha ya bar 1, sasa tanki likiwa mita 2 juu ya mashine unapata bar 0.2, na mashine nyingi zinataka walau 0.5 hivi ndio zijaze ndani ya muda wake, muda ukipita inajua maji hakuna inajizima. Halafu akafungua ule mpira wa maji nyuma ya mashine, pale kwenye tundu kuna kichujio kidogo, kilikuwa kimejaa mchanga wa kisima. Tulifunga kipampu cha kuongeza presha na mpaka leo inafua.

Alinifundisha na zile herufi. LG ikiandika IE au Samsung ikiandika 4E ama 4C shida ni maji kuingia, OE kwa LG na 5E au 5C kwa Samsung shida ni maji kutoka, hapo anza kusafisha chujio la pampu kule chini mbele kabla hujampigia mtu yeyote. Fundi akiona herufi hizo akakwambia bodi bila kugusa bomba wala chujio, mpe nauli yake aende.

Mdau wa Mbagala

Mashine isiondoke nyumbani. Narudia, isiondoke. Ya dada yangu ilibebwa kwenye kirikuu na fundi mmoja "kwenda ofisini", simu ikawa haipokelewi, ikabidi twende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ndio ikarudi, na iliporudi pampu iliyokuwa ndani sio ya kwake. Kama lazima ibebwe basi piga picha bodi na mota na vibandiko vyake vyote mbele ya fundi mwenyewe, na muandikishiane, na ukapaone anapofanyia kazi.

Mdau wa Kigamboni

Hilo la mashine isiondoke linategemea ugonjwa, kaka. Beringi haifanyiki sebuleni, lazima pipa lote lishuke. Yangu ilikuwa ikikamua inanguruma kama ndege inataka kuruka, na huku kwetu maji ya kisima yana chumvi, chuma kinaliwa. Fundi aliyeanza alibadilisha beringi akaacha sili ya zamani, maji yakapenya tena na beringi mpya zikafa zote. Aliyefuata alikataa kabisa kufunga beringi bila sili mpya, akaniandikia namba kwenye karatasi, beringi ya 6205 na 6206 na kipimo cha sili, nikaenda mwenyewe kwenye maduka ya beringi Kariakoo. Beringi zinauzwa kwa namba, sio kwa jina la mashine, hilo lilinisaidia sana maana dukani hakuna cha kuniambia hii ni spea ya mashine fulani lazima iagizwe. Ila uliza kwanza kama pipa la nje la mashine yako lina skrubu au limeunganishwa moja kwa moja kiwandani. La kuunganishwa linakatwa kwa msumeno halafu linarudishwa kwa bolti na silikoni, sio kila fundi anaweza, muulize kama ameshawahi na akuonyeshe.

Fundi, Buguruni

Naomba na mimi niseme kwa upande wetu, natengeneza hizi mashine miaka sasa. Wateja wengi wanataka bei kwenye simu, sasa mashine kutokamua naweza kukuta kaboni, mkanda, pampu imeziba kwa sarafu, loki ya mlango, hata miguu ya mashine haijakaa sawa, nikitaja bei hapo nakudanganya. Hela ya kuja kuangalia tunaomba kwa sababu kutoka Buguruni mpaka Bunju na foleni ile siku imeisha. Nisaidieni hivi, kabla sijaja nitumie picha ya kile kibandiko chenye namba ya modeli, kipo mlangoni au nyuma, na video yenye sauti mashine ikiwa inafanya huo ubaya. Nikiona namba naweza kuja na spea mfukoni. Na mkiona mashine mpya inarukaruka mpaka inahama ilipo, geuza nyuma muone kama zile bolti ndefu za kusafirishia zimetolewa. Nimeitwa nyumba nyingi mwenzangu kashauza shokapu mpya na bolti bado zimo.

Mwenye uzi, Tabata

Fundi asante sana, na wote pia. Nimeangalia kibandiko, hakuna inverter. Kesho naenda kwa dobi wa hapa Segerea. Kuna mwenye uzoefu wa draya, mashine ya kukaushia nguo? Shemeji yangu anayo, masika hii imegoma kabisa.

Mdau wa Upanga

Draya ninayo kwenye fleti, baraza hatuna ya kuanikia. Ilikuwa inazunguka lakini haitoi joto. Fundi aliyekuja mwanzo alibadilisha fyuzi ya joto, ikafanya kazi kidogo ikakata tena, akataka kubadilisha nyingine. Nikamuita mwingine, huyu swali lake la kwanza lilikuwa hewa ya moto inatokea wapi, akaivuta draya mbele, bomba la nyuma limejaa manyoya ya nguo na limekunjwa ukutani. Hewa haitoki, joto linapanda, fyuzi inakata ili nyumba isiungue, sasa ukibadilisha fyuzi ukaacha manyoya unarudi palepale, na manyoya yale yanashika moto kirahisi. Mwambie shemeji asiiwashe mpaka bomba lifunguliwe lote lisafishwe, ndio fyuzi ifuate. Wa kwangu anakuja mpaka Tabata, nakutumia namba yake sasa hivi.