Tupeane uzoefu: neno ulilokutana nalo kwenye riwaya likakuganda

Wakuu, habari zenu. Naanza na langu.

Nilikuwa nasoma riwaya nikakuta mhusika "ametahayari". Neno silijui, lakini alikuwa ametoka kujibizana na mkwewe, basi nikajua ni kukasirika, nikasonga mbele. Sura mbili baadaye likarudi: binti amekutwa akisoma barua isiyo yake, ametahayari, ameinamisha uso, barua kaikunja kiganjani. Hasira ikakosa pa kukaa. Kufungua kamusi, kumbe ni kuona haya! Ikabidi nirudi kule mwanzo nisome upya, na yule mhusika akawa mtu mwingine kabisa. Hakuwa amemkasirikia mkwewe, alikuwa anayaonea aibu maneno yake mwenyewe. Neno hilo halijanitoka tena, na naamini ni kwa sababu nililikosea kwanza.

Nanyi yenu mliyapataje?

#2
Mimi ni vitenzi vya kusema. Kwenye insha zangu kila mtu "alisema", mwenye furaha "alisema kwa furaha", mwenye hasira "alisema kwa hasira". Riwaya ndizo zilizonifundisha kuwa watu hufoka, hunong'ona, huropoka, humung'unya maneno. Ukishaandika "akafoka", hasira imo humo humo, huna haja ya kuitaja.

#3
Kamusi siigusi mpaka sura iishe. Natia nukta ya penseli chini ya neno, naendelea. Nikirudi, nusu ya nukta nazifuta, hadithi yenyewe imeshanieleza.

#4
Mkuu #3, nakuunga mkono, ila neno likijirudia mara tatu na bado giza, fungua tu, usijitese.

Kikwazo changu kilikuwa kutafuta. Nakutana na "likamduwaza", nakwenda herufi L, sioni kitu, nalaumu kamusi. Kumbe li-, -ka- na -m- zote ni za kuvua. Ukivua unabaki na duwaza, ambayo nayo imetoka kwa duwaa, kupigwa na butwaa. Siku nilipolielewa hilo, maneno niliyokuwa nayaruka yakaanza kufunguka yenyewe, maana ukijua mzizi mmoja, watoto wake wote unawatambua.

#5
Langu ni utusitusi. Ule wakati jua limezama na giza halijakolea, unamwona mtu lakini humtambui. Miaka yote nilikuwa nasema "jioni jioni hivi".

Nina kawaida kwamba neno jipya lazima nilitumie siku hiyo hiyo, kwenye maongezi ya kweli. Basi usiku nikampigia mama, nikamwambia leo nimefika nyumbani kwenye utusitusi. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza nimelitoa wapi neno hilo, maana hajalisikia tangu bibi afariki.

Tukaongea karibu saa nzima, akinitajia mengine ya bibi. Nimeyaandika yote.