Naomba ushauri: shindano la insha la wazee wa Vita vya Kagera

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nafundisha sekondari hapa Iringa. Wazee wetu waliopigana Vita vya Kagera wanataka kudhamini shindano la insha kuelekea Siku ya Mashujaa, Julai 25. Nia yao naiheshimu mno.

Tulijaribu na kidato cha tatu, insha zikafanana zote: Idi Amin alivamia 1978, tukampiga, Kampala ikatekwa Aprili 1979, basi. Hakuna aliyemtaja askari wa kijijini kwao, na wengine wana babu aliyekwenda vitani! Nimewaza wawahoji wazee kwanza, ila baadhi yao wakiwagusia wenzao waliobaki huko hunyamaza, nami sitaki mtoto awasukume.

Mliowahi kuandaa, swali mliliwekaje ili mtoto asinakili kitabu? Na wasahihishe walimu wa Kiswahili au wazee wenyewe?