Mhusika akifufuliwa, je, hadithi ya kifo chake imeharibika?

Wadau wa katuni, salaam.

Naleta swali ambalo hutugawa kila tunapokaa kuzipima hadithi za zamani za mashujaa. Upande mmoja husema: hadithi ile ilikuwa bora mpaka walipomrudisha marehemu. Tangu siku hiyo imekwisha thamani, maana kifo chenyewe hakikuwa kifo. Upande wa pili husema: toleo ni toleo, lilichapwa likasomwa, na yaliyokuja baadaye hayaligusi. Mimi kwa miaka mingi nimekaa upande wa pili bila kuyumba. Sasa nimerudia kusoma hadithi kadhaa moja baada ya nyingine, na nimeona kwamba pande zote mbili tunagombea mlango wakati mwizi amepitia dirishani. Kufufuka hakuharibu hadithi. Kinachoiharibu ni kumnyang'anya mhusika tendo lake.

Nianze na Jean Grey, shujaa wa kundi la X-Men, kwa kuwa ndiye anayetajwa kwanza kila mara.

X-Men toleo la 137, mwaka 1980. Chris Claremont na John Byrne ndio watunzi, Byrne akiwa pia mchoraji. Matoleo mawili kabla ya hapo, Jean, akiwa amegeuka Phoenix, kiumbe mwenye nguvu za kutisha, na nguvu hizo zimemlevya, amemeza nyota na kuangamiza sayari yenye viumbe bilioni tano. Watunzi walikuwa wamepanga umalizio mwingine kabisa: anavuliwa nguvu zake, anabaki hai, maisha yanaendelea. Jim Shooter, mhariri mkuu wa Marvel wakati huo, akakataa. Kwake haikuingia akilini mtu aue bilioni tano kisha arudi nyumbani. Ule umalizio wa awali ulikuja kuchapishwa mwaka 1984, kwa hiyo anayetaka anaweza kuulinganisha na huu tulio nao. Nimeulinganisha. Shooter alikuwa sahihi. Wa awali una huzuni, lakini ni huzuni ya jambo analotendewa Jean. Amelala, wengine wanaamua. Katika ule uliochapwa, Jean anaamua mwenyewe. Yuko mwezini, wenzake wameshapigwa wakaanguka, anahisi Phoenix inaamka tena ndani yake, na kabla haijamshinda anaielekeza silaha ya kale kwake mwenyewe, Scott, mpenzi wake, akiwa hatua chache tu mbele yake. Nguvu yote ya hadithi ile imo katika neno moja: alichagua.

Mwanzoni mwa 1986 akarudishwa. Tunaambiwa Jean halisi alikuwa amelala miaka yote hiyo ndani ya kifuko chini ya maji ya Jamaica Bay, New York, na yule tuliyemfuata tangu 1976 alikuwa nguvu ya Phoenix iliyojivika sura yake. Angalieni kilichofanyika hapo. Hawakumtoa kaburini. Wametuambia hakuwahi kuwa kaburini, hakuimeza nyota, hakusimama mwezini, hakuchagua. Dhambi imeondolewa, na ushujaa nao umeondoka na dhambi. Watunzi wa baadaye waliliona pengo hilo. Miaka michache mbele wakamrudishia kumbukumbu za Phoenix ili angalau abebe kitu. Kumbukumbu ya tendo la mwingine si tendo lako.

Kutokana na hilo nimejipatia kipimo, nanyi mtaniambia kama kinasimama. Chukua kurasa za mwisho za hadithi ya zamani. Zisome huku ukijua yote yaliyoandikwa baadaye. Je, kuna neno lililogeuka uongo? Sisemi neno ambalo mhusika alikosea kwa kutojua. Nasema neno ambalo hadithi yenyewe ilitupa kama kweli. Katika toleo la 137, karibu kila puto la maneno lenye jina la Jean limegeuka uongo.

Sasa kiwekeni kipimo hicho kwa Jason Todd.

Robin wa pili huyu, kijana msaidizi wa Batman, aliuawa mwaka 1988 katika Batman toleo la 428, kwa kura za simu za wasomaji: 5,343 wakitaka afe, 5,271 wakitaka aishi. Kura 72 tu. Wapo wanaoipenda sana hadithi ile, na nitasema wazi kwamba kwangu ina kasoro nzito hata kabla hatujafika kwenye kufufuka. Joker, adui mkuu wa Batman, kupewa ubalozi wa Iran katika Umoja wa Mataifa ni jambo linalonitoa hadithini kila ninapolifikia. Lakini kuna kiini ambacho hakina kasoro. Jason yuko Ethiopia akimtafuta mama aliyemzaa, anampata, mama anamuuza kwa Joker, anapigwa kwa mtaimbo, na bomu linapokaribia kulipuka, kijana huyo aliyevunjika mwili mzima anajitupa kumkinga mama yule yule aliyemuuza. Jim Aparo alichora kurasa zile bila madoido, nami naona ndiyo maana zinauma.

Jason akarudi mwaka 2005, Judd Winick akiandika. Maelezo ya namna alivyofufuka ni dhaifu mno: shujaa mmoja aliyefungiwa nje ya ulimwengu alipiga ngumi ukuta wa uhalisia, historia ikatikisika, Jason akaamka. Siwezi kulitetea hilo. Lakini rudini toleo la 428 mkalisome. Alimkinga mama yake? Ndiyo. Alikufa? Ndiyo. Batman alichelewa? Ndiyo. Hakuna neno lililogeuka. Zaidi ya hapo, Jason anaporudi anamuuliza Batman swali ambalo hadithi ya 1988 ililikwepa: mimi nilikufa, kwa nini Joker yu hai? Kufufuka kwake kumeiongezea hadithi ya zamani uzito ambao haikuwa nao. Njia ya kumrudisha ikiwa mbovu, lawama ni za waliompitisha humo, kaburi halijachafuka.

Nikija kwa Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, ndipo ninaposhangaa kwamba hatupigi kelele za kutosha, kwa sababu huyu hakufufuliwa na bado ameharibiwa kuliko wote.

The Amazing Spider-Man toleo la 121, 1973. Gerry Conway kaandika, Gil Kane kachora kwa penseli, John Romita kapitisha wino. Green Goblin, adui wa Spider-Man, anamsukuma Gwen kutoka darajani, Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, anarusha utando, unamdaka mguu. Karibu na shingo yake pana herufi chache ndogo za sauti ya kitu kukatika. Ukisoma kwa haraka unazipita. Peter mwenyewe amezipita. Anamvuta juu huku akijipongeza kwamba amemwokoa, na anakuja kugundua amebeba maiti. Mashabiki walibishana sana: alikuwa ameshakufa kabla ya kuanguka, au utando ndio uliomuua? Wahariri wakajibu katika ukurasa wa barua wa toleo la 125 kwamba ni mshtuko wa kusimamishwa ghafla. Yaani ni mkono wa Peter. Sijui fremu nyingine katika katuni za mashujaa iliyothubutu kuweka jambo zito namna hiyo kwa herufi ndogo namna hiyo.

Sasa, kwa nini Goblin alimchukua Gwen? Kwa sababu Peter alimpenda. Hilo tu. Siri ya Peter ndiyo iliyomfikisha darajani, na ndiyo maana hatia yake haina pa kutokea. Mwaka 2004 ikaja hadithi ya J. Michael Straczynski ikasema Gwen alikuwa amezaa mapacha na Norman Osborn, mtu yule yule aliye ndani ya kinyago cha Goblin, na kwamba wao wawili walikuwa na ugomvi wao juu ya watoto hao. Hakuna aliyefufuka. Gwen yuko palepale alipozikwa. Lakini rudini toleo la 121 sasa: sababu ya kifo imehamishwa kutoka kwa Peter ikapelekwa kwa Norman na Gwen, nyuma ya mgongo wetu, miaka thelathini na moja baadaye. Hatia ya Peter imepunguzwa na mtu ambaye hakuombwa. Mwaka 2021 Marvel wakaifuta, wakaeleza kwamba mapacha wale hawakuwa watoto wa Gwen hata kidogo. Nilifurahi. Lakini hakuna aliyelalamika kwamba "kifo kimekosa maana", kwa sababu tumezoea kuchunga makaburi tu. Katikati ya hayo, mwaka 1975, waliwahi kuleta nakala ya Gwen iliyotengenezwa maabara, akatembea na kuongea kama yeye, kisha akaondoka zake. Je, toleo la 121 lilipungua chochote? Hata nukta.

Kulikuwa na usemi wa zamani miongoni mwa mashabiki kwamba katika katuni hakuna anayebaki amekufa isipokuwa Bucky (msaidizi wa Captain America), Jason Todd na Mjomba Ben (aliyemlea Spider-Man). Mwaka 2005 wawili kati yao walirudi ndani ya mwaka mmoja. Kuhusu Bucky nitasema kidogo tu: kifo chake tulisimuliwa mwaka 1964 kama kumbukumbu ya Captain America, na alichokiona Captain, ndege kulipuka, kilibaki kuwa kweli. Alichohitimisha ndicho kilichokuwa kosa. Mwandishi Ed Brubaker na mchoraji Steve Epting, waliomrudisha, walipita katika tundu hilo kwa ustadi mkubwa, na majonzi ya miaka yote ile hayakugeuka kichekesho.

Nyongeza, baada ya michango ya kwanza.

Mmoja wenu ameandika kwamba msomaji akishajua marehemu atarudi, hakuna sababu ya kuhuzunika, na hadithi ya kifo isiyoweza kuhuzunisha imeshindwa. Namjibu kwa Superman toleo la 75, la mwishoni mwa 1992. Nani kati ya wasomaji wa katuni aliamini kweli kwamba Superman hatarudi? Alirudi mwaka uliofuata. Lakini fungua hadithi ile uone ilivyojengwa. Toleo moja lina fremu nne kila ukurasa, linalofuata tatu, linalofuata mbili, na la 75 kila ukurasa ni picha moja tupu. Ulimwengu unamfungia, pumzi inakatika, kila ngumi inachukua ukurasa mzima. Kujua kwamba atarudi hakuondoi kile kinachokupata mkononi unapogeuza kurasa hizo. Tunaposoma mara ya pili hadithi yoyote tunajua mwisho wake, na bado tunasoma.

Mwingine ameleta hoja nzito zaidi, na nimeifikiria kutwa nzima. Anasema hadithi ya Phoenix, tukiisoma leo, ni hadithi ya mwanamke aliyepata nguvu kubwa kuliko wanaume wote waliomzunguka na kuadhibiwa kwa hilo. Kwa hiyo waliomrudisha mwaka 1986 bila hatia walimtendea haki. Nakubali nusu ya kwanza. Ukitazama jinsi nguvu za Jean zinavyochorwa pamoja na tamaa zake, kana kwamba ni kitu kimoja, kuna jambo pale la kuulizwa, na sifa nilizoimwagia hadithi haziliondoi. Nusu ya pili ndiyo naikataa. Kama mtu ameonewa, haki yake ni kurudishiwa alichoporwa. Jean alirudishwa akiwa amelala usingizi, kama mtu aliyekosa miaka kadhaa ya maisha yake mwenyewe. Mwanamke aliyesimama mwezini akaamua hatima yake alikuwa na mamlaka. Yule wa kwenye kifuko hakuwa nayo hata ya kuamka. Wangeweza kumrudisha akiwa na bilioni tano zake mabegani, aishi nazo. Hadithi hiyo ningeisoma mara mia.

Nimeulizwa pia kuhusu Barry Allen, yaani Flash, shujaa mwenye mbio zisizo za kawaida, aliyekufa akikimbia mwaka 1985 na kurudi 2008. Kwa kipimo changu toleo la kifo chake ni zima. Alikimbia, aliiharibu silaha, alikufa bila shahidi. Aliyeumizwa na kurudi kwake ni Wally West, aliyelibeba jina la Flash zaidi ya miaka ishirini. Hilo ni shauri lingine, na tulifungulie mjadala wake.

Kuna hadithi moja ambayo kipimo changu kinagoma kwake, nami naiweka mezani. The Death of Captain Marvel, 1982, ya Jim Starlin. Shujaa anakufa kwa saratani, kitandani, wenzake wenye nguvu za kuhamisha milima wamemzunguka na hakuna la kufanya. Mwishoni anaota anapigana na Thanos, adui yake wa siku zote, na Thanos huyo huyo ndiye anayemfikisha mahali pa kuacha kupigana. Mwaka 2007 alionekana amerudi. Baadaye ikabainika ni Skrull, kiumbe wa sayari nyingine anayeweza kubadili sura, aliyeamini kwamba ndiye yeye. Nilipumua. Lakini kwa kanuni niliyoieleza hapo juu sikuwa na haki ya kupumua, kwa sababu hata angefufuka kweli hakuna neno katika kitabu kile ambalo lingegeuka uongo. Hakumkinga mtu, hakulipua silaha. Alikubali tu kufa. Je, kukubali ni tendo kama lile la Jean mwezini, kiasi kwamba kumfufua ni kumpokonya? Au mimi pia, pale panaponiuma, nimekuwa mchunga makaburi? Walioisoma hadithi hiyo, nawasikiliza.