Litecoin, Dogecoin ama Monero, niweke pesa wapi?

Mtu_wa_Likoni: Asalam aleikum jamaa. Kuna vijisenti nataka kuviweka kwa kripto, ila si Bitcoin. Nichague gani kati ya Litecoin, Dogecoin na Monero? Nataka kununua kabla Ijumaa.

DadaTudor: Waleikum salam. Vijisenti ni ngapi? Utaviweka muda gani? Ni vyako ama ni vya watu? Hatuwezi kukujibu hivi hivi.

FundiSimu: Litecoin bila kufikiria. Mwisho wake ni koini milioni 84, na Agosti 2023 malipo ya bloku (koini mpya apewazo mchimbaji, yaani mwenye mashine za kuthibitisha miamala ya watu, kwa kila fungu la miamala aliloandika) yalikatwa toka koini 12.5 hadi 6.25 vile ilivyopangwa tangu 2011, hakuna aliyeitisha kikao. Doge mwanzo watu waliambiwa itaishia bilioni 100, halafu 2014 ikaamuliwa haina mwisho, kila mwaka zaongezeka bilioni 5. Aliyenunua kwa ahadi ya kwanza amwendee nani?

Bin_Kisauni: Na malipo yakikaribia sufuri huyo mchimbaji atakula nini? Doge yenyewe 2014 malipo yalishuka mbio mpaka ikabidi ichimbwe pamoja na hiyo Litecoin yako, kwa mashine zile zile, ndio ikapona. Monero tangu Juni 2022 yatoa koini 0.6 kila bloku, haikatwi tena. Wachimbaji hawaondoki. Mimi ni Monero.

MamaKaro: Nisikizeni jamani. Nilikuwa na koini moja ndogo, jina nalihifadhi, wenyewe wakaona bei imelala wakakata malipo ya wachimbaji nusu kwa ghafla, ati ikiadimika itapanda. Wachimbaji wakahamisha mashine zao kwengine, na ugumu wa kuchimba, uliopangwa mashine zikiwa nyingi, umebaki kule kule juu, basi bloku ya dakika mbili ikawa yachukua masaa. Mimi nataka kuuza nilipe karo ya mtoto, natuma, simu yaniandikia "inasubiri", naswali magharibi, naswali isha, bado inasubiri. Pale pa kuuzia nao wakafunga kuipokea, waogopa mtu mmoja kushika uchimbaji wote akafuta pesa ambazo watu wamekwisha kutumiana. Kuja kufunguliwa, bei imekwisha. Ndio nasema uliza kwanza nani ana uwezo wa kugeuza sheria.

FundiSimu: Pole sana mama. Lakini hiyo ni koini ndogo, usiilinganishe na Litecoin.

Bin_Kisauni: Luna ilikuwa ndogo? Mei 2022 ilikuwa yachapishwa kuinusuru UST, koini mwenzake iliyoahidiwa kubaki dola moja, irudi hapo, toka milioni mia tatu na kitu hadi trilioni 6.5, na ilikuwa kwenye kripto kumi kubwa.

Jomvu_Juu: Mwasahau ya hapa kwetu. Bangla-Pesa ya 2013, pesa ya wafanyabiashara wa mtaa wa Bangladesh, Mikindani, hapa Mombasa. Waanzilishi walishikwa, kesi ikaja kuondolewa.

DadaTudor: Zile zilikuwa karatasi, si kripto.

Jomvu_Juu: Najua ni karatasi! Lakini kila moja ilisimamiwa na biashara ya mwanachama, wamjua mpaka kibanda chake. Hizo zenu nani asimamia?

Mtu_wa_Likoni: Shukran nyote. Pesa ni ya chama, twagawana Disemba.

DadaTudor: Ya chama?! Na wenzako wajua?

FundiSimu: Hata kama ni Disemba, mimi bado Litecoin.

MamaKaro: Likoni, mjibu Dada kwanza.