Tupeane uzoefu: nani amewahi kujiona kama si yeye?

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Lamu na Malindi. Naanza mimi.

Miezi michache baada ya mashua kutupindukia, nilikuwa nimekalia mbuzi nikikuna nazi. Ghafla mikono ile nikaiona si yangu. Naitazama inakuna, sauti yake yatoka mbali kama jikoni kwa jirani. Nyumbani wakasema jini. Nikasomewa, moyo ukatulia, lakini hali ikarudi.

Mshauri nasaha akanipa maswali 28 ya kupima hali hii ya mtu kujiona katengana na nafsi au kumbukumbu zake, yaliyotungwa na watafiti Eve Bernstein na Frank Putnam mwaka 1986. Kila swali unasema jambo hilo linakupata asilimia ngapi ya wakati, 0 mpaka 100, kisha unatafutwa wastani. La kwanza linauliza kama umewahi kuwa safarini kwenye gari ukagundua hukumbuki sehemu ya njia. Gari, na mimi ni wa Langoni, mjini Lamu, ambako safari zetu ni za mashua! Mahali pa gari tukaweka chombo cha kuvukia Mokowe, ng'ambo ya pili, ndipo nikaweza kujibu kwa ukweli. Nilipata 34. Akanieleza kuwa kuanzia 30 mtu huhojiwa kwa kina, alama peke yake haisemi unaumwa. Nani mwingine?

*Dereva wa Maweni:* Mimi natoka na tuktuk nyumbani, nashtukia niko sokoni na abiria ananilipa. Njia sikumbuki kabisa. Nami naumwa?

*Mwanzilishi:* Hapana kaka, hiyo huwapata wengi. Njia umeizoea, mawazo yako yako kwingine, na kisichotiwa akilini wakati ule baadaye hakikumbukwi. Ndiyo maana wanauliza ni mara ngapi. Ila kama unakuta umenunua vitu usivyovikumbuka, nenda ukaonwe.

*Mama wa Shela:* Dada, umenitoa machozi. Nilipofiwa na mwanangu nilipita mbele ya kioo nikamwona mwanamke, nikasogea ili nimpishe. Miaka mitatu sikumwambia mtu, niliogopa kuitwa mwendawazimu.

*Mwanzilishi:* Pole sana mamangu. Hata hilo la kioo limo katika yale maswali, kwa hivyo si wewe peke yako. Sasa likikujia wafanyaje?

*Mama wa Shela:* Naenda kwenye birika, tangi letu la maji nyumbani, natia mikono majini mpaka viwiko. Nataja kwa sauti ninachokiona: kata, ndoo, paka, kanga yangu nyekundu. Nikifika kwenye kanga, huwa nimesharudi.